Taa Yenye Jasho

Mambo yote yalianza na soda ya baridi ambayo Appolinaire hakuilipia.

Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka huu wa 2013. Alikuwa ameketi juu ya gunia la sukari dukani kwa Faizo, nyuma ya soko la Mbarara, akiinywa soda hiyo polepole kama mgeni wa heshima na kumsikiliza mwenye duka akilalamika. Appolinaire alikuwa msikilizaji hodari. Watu wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, alikokaa miaka kumi na sita tangu atoke Fizi, Kongo, walisema ukimweleza shida zako utaondoka na moyo mwepesi na mfuko mwepesi zaidi. Huo ulikuwa uzushi. Appolinaire hakuwahi kumwibia mtu. Kuiba ni kazi ya watu wenye haraka. Yeye alikuwa mtu wa kukaa, kuzungumza na kungoja, mpaka mwenye mali aamue mwenyewe kumpa.

Siku hiyo Faizo alilalamikia katoni iliyokuwa miguuni pake. Ndani yake mlikuwa na vitaa ishirini na kimoja vya kufunga chini ya mtutu wa bunduki, kila kimoja kikubwa kama kidole gumba cha mtu mnene, vyeusi, vya kupendeza, na ubavuni vimeandikwa LUMENI 2000, yaani mwanga wa kutosha kumpofusha fahali.

"Hii kitu iliniaibisha, ssebo," alisema Faizo. "Mlinzi anawasha, inapiga kama taa ya lori. Anahesabu mpaka arobaini, imeshika moto kama pasi, halafu inajishusha yenyewe, inakuwa kama mshumaa. Wote walirudisha. Mmoja aliniletea kidole nione vile kimeungua."

"Kidole chake?"

"Sasa kingekuwa cha nani?"

Hapa inabidi tusimame kidogo tupate elimu, na baada ya hapo hatutasumbuana tena. Mwanga mkali huzaa joto, na joto lazima lipate pa kwenda. Tochi kubwa ina mwili mkubwa wa kulibeba. Kitaa cha ukubwa wa kidole gumba hakina mwili wa kuuzungumzia. Ukikidai mwanga wa lori kitakupa, lakini kwa muda mfupi, kisha ama kijishushe ama kiungue. Waliokiunda walilijua hilo, ndiyo maana wakakitia akili ya kujishusha. Walioandika yale maandishi ya ubavuni walikuwa watu wengine.

Appolinaire alikichukua kimoja, akakiwasha, akakielekeza kwenye kona yenye giza nyuma ya magunia. Kona ikawa mchana. Joto lilipoanza kumuuma vidole alifanya ambavyo mtu yeyote angefanya: alikiegemeza kwenye chupa ya soda. Arobaini ikapita. Sitini ikapita. Alipofika mia na ishirini kitaa kilikuwa bado kinawaka vilevile, na soda imeshakuwa vuguvugu.

Mtu mwingine angemwita Faizo aje aone. Appolinaire alizima, akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema, "Pole sana, ndugu yangu. Hii ni muzigo. Mi naweza kukutolea hii haya hapa dukani."

Aliuza kamera yake ya kupigia picha za pasipoti, ambayo simu za watu zilikuwa zimeshaiua, akaondoka na katoni nzima begani. Kila kitaa kilikuja na kikaratasi chenye michoro ya kueleza namna ya kukitumia. Vikaratasi hivyo alivitupa uani kwake kambini siku ileile, kwa sababu tayari alijua kila alichohitaji kujua. Bonyeza mara moja: jua. Mengine hayakumhusu.

Sasa, ili tumtendee haki, tuseme kwa nini mtu mwenye akili alihatarisha kamera. Appolinaire alimpenda Divine, na katika hilo hakukuwa na ujanja wowote. Divine alikuwa fundi wa cherehani pale Base Camp, katikati ya kambi, mwanamke wa maneno machache aliyeweza kukata gauni kwa kumtazama mtu akipita njiani. Angemwoa mwaka uliotangulia, kama si mahari aliyotaka mama yake.

Mama Marthe aliuza samaki wa ziwa la Nakivale. Aliwabeba katika kisanduku cheupe chenye barafu, na harufu yao ilimfuata sokoni, kanisani na kitandani. Alitaka kuacha. Alikuwa ameshanunua birika kubwa na vikombe ishirini, akitaka kufungua kibanda cha chai ya maziwa. Kilichokosekana kilikuwa maziwa.

"Wewe unasemaka muzuri," alimwambia Appolinaire. "Masikio yangu imeshiba. Kwa dote ya Divine sitaki mbuzi, sitaki ahadi. Nataka ngombe ya maziwa. Kitu yenye itabakia wakati wewe utanyamaza."

"Mama mukwe, ngombe ni kitu kidogo."

"Basi lete hiyo kitu kidogo. Kama mwezi inaisha haiyafika, kuko mwalimu mumoja wa Juru anaulizaka Divine."

Mwalimu huyo wa Juru, upande wa pili wa kambi, alikuwa na mshahara. Appolinaire alikuwa na vitaa ishirini na kimoja. Kimoja, ambacho kishikio chake kilikuwa kimevunjika, alimpa Divine kama zawadi, kwa maneno matamu kuliko zawadi yenyewe. Divine alishukuru, akakitia kwenye droo ya cherehani, na baadaye alipokuwa akifagia uani kwao akaokota kikaratasi kimoja kilichopeperushwa na upepo. Appolinaire hakuliona hilo. Alikuwa anazungumza.

Appolinaire alimpata mnunuzi huko Kabingo. Mzee Rugamba alikuwa na ng'ombe kule Endiinzi, kituo cha kukusanyia maziwa hapo Kabingo, na walinzi ishirini wenye bunduki waliokuwa wakilinda ng'ombe hao, maziwa hayo na maduka kadhaa ya Mbarara. Wezi walikuwa wamemchukulia madume manane kwa mwaka mmoja. Walinzi wake walijitetea kwamba mkono mmoja una tochi, wa pili una bunduki, na wa tatu wa kufungulia geti hawajapewa. Rugamba alikuwa mtu wa kupenda vitu vya kung'aa ambavyo wenzake hawana, na wa kuchukia kuvilipia. Kwa macho ya Appolinaire hakukuwa na mchanganyiko mzuri zaidi ya huo.

Alhamisi waliyoagana, saa sita mchana, aliwasili kituoni kwa pikipiki, suruali imenyooshwa, mapajani kabeba kisanduku cheupe alichoazima kwa Mama Marthe. Mama huyo aliambiwa ni cha kubebea dawa za chanjo. Ndani yake, juu ya barafu aliyonunua kwenye kibanda cha soda, vililala vitaa ishirini vimefungwa kwenye karatasi za nailoni. Vyote ishirini, kwa sababu Appolinaire hakuwa mjanja wa kubahatisha.

"Chagua mwenyewe, mzee," alisema, akifungua kisanduku nusu tu. "Usiseme Appolinaire alikuchagulia ile muzuri. Yote ni ndugu."

"Mbona inanuka samaki?" aliuliza Rugamba.

"Ni sanduku ya kuzuia vumbi, mzee. Ilitoka kwa bandari."

Rugamba alichagua kimoja cha chini kabisa. Mkuu wa walinzi, Sulaiman, koplo mstaafu aliyemaliza utumishi katika kambi ya jeshi ya Mbarara na ambaye bado alisimama kama anayesubiri kukaguliwa, alitoa risasi katika bunduki yake, akazihesabu, akakifunga kitaa chini ya mtutu. Wakaingia katika stoo ya pumba za ng'ombe, isiyo na dirisha. Nyuma yao aliingia mwanamke mmoja wa makamo aliyevaa aproni nyeupe na viatu vya mpira.

Huyo alikuwa Goreti, msimamizi wa kituo. Kila asubuhi watu themanini humletea maziwa, na kila asubuhi wanane kati yao huwa wamekutana na mto njiani. Goreti alikuwa na kipimo cha kioo mfukoni mwa aproni na uvumilivu wa ajabu. Hakuwahi kugombana na mchanganya maji hata mmoja. Aliyapima maziwa yakifika, akayaacha yakae, akayapima tena, kisha akamwita mtu kwa upole na kumrudishia mali yake.

Sulaiman akabonyeza. Stoo ililipuka kwa mwanga. Pumba zilizokuwa zikielea hewani ziligeuka ukungu mweupe, ukuta wa chokaa ukawarudishia mwanga usoni, na Mzee Rugamba akafunika macho kwa kofia yake.

"Iko kali sana," alisema Sulaiman. "Lakini mimi naona vumbi tu. Mwizi akisimama pale, mimi hapana ona yeye."

"Kopro, yeye ndiye hatakuona wewe," alisema Appolinaire. "Hiyo njo vita ya kisasa. Mwizi anafikiri ni lori ya jeshi inakuja. Anatupa kamba, anakimbia mpaka Tanzania."

Rugamba alicheka chini ya kofia. Tayari alikuwa anawaona wenye mifugo wenzake wa Masha wakimwonea wivu. Appolinaire alihesabu moyoni. Sitini. Themanini. Barafu ya Nakivale ilikuwa inafanya kazi yake kwa uaminifu. Alipofika mia na kumi akainua mkono.

"Inatosha, kopro. Tusimalize bapile, hii betri, bure."

Sulaiman akazima, wakatoka nje kwenye jua. Hapo Goreti alinyoosha mkono, akakifungua kitaa kutoka kwenye bunduki, akakigeuzageuza. Kilikuwa na unyevu mgongoni. Akachungulia kisanduku kilichokuwa kimeachwa wazi kidogo. Vile vingine kumi na tisa, katika karatasi zao za nailoni, vilikuwa vinatiririka.

"Ssebo," aliuliza, "hizi taa mbona zinatoka jasho?"

"Ni mafuta ya kiwanda, mama. Njo alama ya kitu mupya."

Goreti alifuta tone moja kwa kidole, akalionja. Miaka kumi na miwili alikuwa akitoa makopo baridi kwenye tangi la kupozea maziwa na kuyaweka juani, na kila kopo lilikuwa limemtolea jasho hilohilo. "Sawa," alisema. Kisha akamgeukia Rugamba, akasema maneno machache kwa Kinyankore.

Appolinaire alitabasamu akiyasikiliza. Miaka kumi na sita Uganda na hakuwahi kujifunza lugha hiyo. Ni lugha ya watu wa ng'ombe, alijiambia siku zote, na yeye ng'ombe hana. Kwa sauti ile ya utulivu alielewa kwamba mama huyu anavisifu vitaa. Rugamba naye alimtazama mgeni wake kwa muda, akamshika bega kama mwanawe.

"Umesema unataka ng'ombe, hapana pesa?"

"Ya maziwa, mzee. Ni ya dote. Pesa inasemaka uongo, lakini ngombe haisemaki."

"Ni kweli kabisa," alisema Rugamba. "Acha taa hapa. Njoo Jumamosi."

Kwa kawaida Appolinaire hakuacha mali kabla ya malipo. Lakini barafu ilikuwa inayeyuka, maji yalikuwa yameanza kudondoka kwenye kona ya kisanduku, na ilikuwa lazima aondoke kabla mtu hajauliza sanduku la kuzuia vumbi linalia nini. Akamwaga vitaa mezani, akapanda pikipiki.

Jumamosi alikuta ng'ombe amefungwa tayari. Alikuwa mweusi mwenye mabaka meupe, ngozi imepakwa samli mpaka inameta, pembe zimesuguliwa zikawa laini, na kiwele kimejaa hata anatembea amepanua miguu. Appolinaire alizaliwa ufukweni, kwa watu wa samaki. Alikitazama kiwele kile kama watu wa kwao wanavyoutazama wavu uliojaa, na moyo wake ukatulia. Hakumfungua mdomo ng'ombe atazame meno. Hakujua kwamba ng'ombe hutazamwa meno.

"Kitu kimoja tu," alisema Rugamba kwa sauti ya heshima. "Ng'ombe ya mahari haikamuliwi njiani. Unakamua mbele ya mama mkwe, watu wote waone. Kwetu ni baraka."

"Kwetu pia," alijibu Appolinaire, ambaye kwao hakukuwa na ng'ombe.

Jumapili, baada ya ibada, ua wa Mama Marthe ulijaa. Mchungaji alikuwepo, wazee wa Fizi walikuwepo, hata mwalimu wa Juru alikuja akakaa nyuma kabisa na viatu vyake vilivyopigwa rangi. Appolinaire alitoa hotuba juu ya uvumilivu. Jirani mmoja anayejua kukamua akaketi chini ya ng'ombe, na maziwa yakaanza kupiga ndoo kwa sauti nzuri, yakapanda, yakapita nusu ya ndoo. Wanawake wakapiga vigelegele. Mwalimu wa Juru akaangalia saa, akaaga.

Mama Marthe alisogea kwenye ndoo. Alichota maziwa kwa kikombe kimojawapo cha vile ishirini, akanywa, na macho yake yakajaa machozi. Kwa miaka kumi na sita hakuwa amelia mbele za watu. Appolinaire alipomwona hivyo aliona haya kidogo, mahali fulani ndani kabisa, lakini vigelegele vilikuwa vingi na haya ile haikupata nafasi.

Jumatatu ng'ombe alitoa vikombe viwili. Labda amechoka na safari, walisema. Jumanne alitoa kikombe kimoja. Jumatano jirani alikaa chini yake nusu saa nzima, akainuka na ndoo kavu.

"Hii ngombe ni muzee," alisema jirani, ambaye sasa ndipo alipomfungua mdomo. "Ilikuwa inamaliza. Banaiacha siku mbili, tatu, bila kukamua, maziwa kidogokidogo inajikusanya. Unaona kiwele inajaa, unafikiri ni yote ya siku moja."

Chai ya kwanza ya Mama Marthe ilikuwa tayari jikoni, birika zima, na wateja sita wameketi. Aliwauzia ya rangi. Kisha akatoka, akasimama mbele ya Appolinaire, akamtazama bila kupandisha sauti.

"Jumamosi bazee ya Fizi banakaa hapa. Uwe na jibu."

Alhamisi asubuhi na mapema Appolinaire alikuwa Kabingo, amejaa hasira ya haki. Hakuna hasira kubwa kama ya tapeli aliyetapeliwa. Huamini kweli kwamba dunia imeharibika. Njia nzima alikuwa akitunga hotuba. Lakini alipofika getini aliiona bunduki ya mlinzi, na chini ya mtutu wake kitaa, kinawaka. Mlango wa stoo ya pumba ulikuwa wazi na ndani walinzi wengine wawili walikuwa wakihesabu magunia, kila mmoja na kitaa chake. Mwanga ulikuwa mdogo, wa manjano kidogo, umetulia. Nyuso zao zilionekana vizuri, na magunia yao, na panya aliyekuwa akipita mbali kule ukutani.

"Hizo taa," alisema, na hotuba yake ikamtoka kichwani, "zimewaka toka saa ngapi?"

"Toka jana jioni," alisema Sulaiman. "Hapana zima. Hapana choma. Asante sana, ssebo. Mwizi alikuja Jumapili Endiinzi, tulimwona mpaka vifungo ya shati."

Goreti alikuwa ndani, anapima maziwa. Hakushangaa kumwona. Alikausha mikono, akachukua kitaa kutoka rafuni, akambonyezea mbele ya macho. Mara moja: jua. Mara mbili: kikapepesa kama pikipiki ya polisi. Mara tatu: mwanga ule mdogo.

"Siku ile nilijua ulitia kwa barafu," alisema. "Mzee alitaka kukufukuza. Nikamwambia ngoja kwanza, kitu inapimwa mara mbili. Ulipoenda niliwasha. Arobaini, ikaanguka. Nikasema sawa, ni mwizi. Halafu nikabonyeza tena, nikabonyeza tena, nikaacha kwa kabati. Kesho yake nilikuta inawaka tu. Hata joto hapana."

Kila kitaa kilichofungwa bundukini sasa kilikuwa kimepakwa gundi, kibonyezo kimekwama pale pa tatu.

"Kwa hiyo bilikuwa bizuri," alisema Appolinaire polepole.

"Nzuri sana. Kama hii hakuna Mbarara yote."

"Basi kwa nini mulinipa ile ngombe?"

Goreti alimwelekezea dirishani. Kwenye uzio wa nyuma kulikuwa na ng'ombe mwekundu, mchanga, mwenye kiwele cha kawaida kisicho na makuu, na ndama wake anamnyonya.

"Mzee alikuwa amesema ile ndiyo yako. Ilifungwa pale toka Alhamisi ile ya kwanza asubuhi, kabla hujafika. Ungesema tu, taa hii ukiitaka jua inakupa dakika moja, ukiitaka ya kazi bonyeza mara tatu, ungeondoka na ile. Lakini wewe ulituonyesha ya dakika moja. Mzee akasema, basi naye tumwonyeshe ya siku moja."

Appolinaire alitaka kusema kwamba hakujua. Alifungua kinywa kabisa. Kisha akaona hilo lingekuwa baya kuliko yote, kwamba katika maisha yake yote ya kuuza uongo alikuwa ameuza kitu cha kweli na hakukitambua. Akakifunga kinywa, jambo ambalo wanaomjua hawajawahi kuliamini hata leo.

Alifika Nakivale alasiri na mvua. Mawingu yalikuwa yamefunika kambi yote, nyumba za udongo zimejaa giza, na kila fundi wa cherehani alikuwa amefunika mashine yake. Isipokuwa mmoja. Appolinaire aliisikia cherehani ya Divine kabla hajafika mlangoni. Ndani, juu ya sindano, kitaa chenye kishikio kilichovunjika kilikuwa kimening'inizwa kwa uzi, kinawaka mwanga mdogo, wa manjano kidogo, umetulia.

Alisimama pale anadondoka maji.

"Hiyo inawaka toka lini?"

"Toka asubuhi," alisema Divine, bila kuinua kichwa. "Mvua."

"Uliijua namna gani?"

"Kulikuwa karatasi. Iko na picha. Vidole bitatu, halafu mutu anashona." Akakata uzi kwa meno. "Leo wiki ya tatu naitumia."

"Na haukuniambia?"

Divine sasa aliinua kichwa. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililomtisha. "Haukuuliza," alisema. "Ulikuwa unasema."

Jumamosi wazee wa Fizi walikaa. Appolinaire, kwa mara ya kwanza, alieleza habari yote ilivyokuwa, kuanzia soda. Alipofika kwenye barafu Mama Marthe alinyanyua kichwa.

"Kumbe ile sanduku yangu ilibeba hiyo chanjo."

"Ndiyo, mama."

Wazee walipendekeza atoe kamera, ambayo ilikuwa imeshauzwa, au alete mbuzi. Mmoja alikumbusha habari za mwalimu wa Juru. Mama Marthe aliwasikiliza wote, kisha akamtazama binti yake, na Divine akatikisa kichwa kidogo sana. Hakutaka mwalimu. Hilo Appolinaire aliliona.

"Ngombe inabaki," alisema Mama Marthe. "Divine naye anabaki kwangu. Wewe utakuja kila asubuhi kukata majani na kuchota maji ya ngombe. Miezi sita."

"Sasa majani ya nini, mama mukwe? Haina maziwa. Haitapata tena."

"Majani ni ya kukupima wewe. Siku ya kwanza kila mutu anaangaza, hata wewe uliangaza, mpaka mi nikalia. Nataka kuona mwezi wa sita. Na sanduku yangu ya barafu sitakuazima."

Tangu hapo Divine ameshakwenda Mbarara mara mbili kwa Faizo, akarudi na katoni za vitaa vilevile vya aibu, vilivyokuwa vimerudishwa kwenye maduka ya jirani, akawauzia mafundi wa cherehani na wakunga wa kambi. Kila anayenunua huonyeshwa kwanza ile mara ya tatu. Hakuna aliyerudisha. Kwa faida yake mama yake ananunua maziwa, na kibanda cha chai kimefunguliwa.

Appolinaire hupita hapo kila siku alfajiri, mundu mkononi, mzigo wa majani yenye umande kichwani. Wateja humsalimia na kumuuliza ng'ombe ameamkaje. Yeye hujibu kwa maneno machache, kwa sababu mzigo ni mzito na bado kuna maji ya kuchota. Huu ni mwezi wa nne. Ng'ombe amenenepa.